Waridi Lililopinda Shingo: Jinsi ya Kutazama Picha ya Maua Iliyochorwa kwa Hisia

Kwa miaka mitatu nilisimama mezani katika kampuni moja ya maua kule Naivasha, kazi yangu ikiwa kugredi waridi. Ukiifanya kazi ile siku nzima, macho hugeuka kuwa rula. Shina la sentimita 40 huku, la 50 kule, la 60 na la 70 kwenye ndoo zao. Tumba lililofunguka kupita kiasi, nje. Jani lenye doa la ukungu, nje. Shingo ikipinda hata kidogo, nje, waridi liende kwenye pipa la rijekti. Yaliyobaki yanafungwa vishada, yanalala kwenye chumba cha baridi, kisha lori linayapeleka uwanja wa ndege Nairobi, safari ya Uholanzi.

Kwa hiyo siku nilipokutana na picha ya maua iliyochorwa kwa hisia, yaani ile inayoonesha mchoraji alivyoguswa kuliko maua yalivyo, nilifanya nilichozoea. Niliigredi. Ilikuwa imetundikwa kwenye mkahawa mmoja hapa Nakuru: mawaridi saba mekundu ndani ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, juu ya meza ya buluu. Mawili yameinamisha vichwa. Moja limechanua mpaka linakaribia kupukutika. Majani ni mikwaruzo ya kijani na nyeusi, na meza yenyewe imelala upande utadhani gorogoro litateleza likuangukie mapajani. Nikasema moyoni, hii yote ni rijekti, nikanywa chai yangu nikaondoka. Kesho yake nikarudi, nikakaa meza ile ile. Chai ya pale si nzuri kiasi hicho. Ilikuwa ni ile picha.

Haya ninayoandika ni njia niliyojifunza polepole ya kuitazama picha ya aina hiyo. Nimemwandikia mtu ambaye hajasomea sanaa, anayependa maua, na ambaye akiona picha kama ile husema tu "mtoto wangu angeweza kuchora hivi" kisha akaendelea na safari.

Kwanza, tafuta picha moja

Moja tu. Huhitaji nauli ya Ulaya. Angalia ukumbi wa hoteli, mapokezi ya benki, chumba cha kungojea cha daktari wa meno, au karakana ya mchoraji wa mtaani ambaye pia huandika mabango ya maduka. Tunapita hapo kila wiki bila kuinua macho. Picha halisi, hata ya mchoraji asiyejulikana nje ya mtaa wake, itakufundisha zaidi kuliko picha maarufu kwenye simu, kwa sababu rangi ina unene na unene haupiti kwenye kioo cha simu.

Hakikisha tu kwamba ni rangi iliyopakwa kwa mkono. Siku hizi zipo picha zilizochapishwa kwa mashine juu ya kanvasi, na nyingine zimepakwa jeli ing'ayo juu yake ili zijifanye zina alama za brashi. Washa tochi ya simu, uiweke ubavuni mwa picha ili mwanga uteleze juu ya uso wake. Omba ruhusa kwanza, mwenye mkahawa asije akadhani unatafuta mende. Rangi ya kweli itatoa vivuli vidogo vidogo: matuta, mifereji, ncha zilizokaukia hewani. Na matuta hayo yatafuata umbo la kitu, yazunguke pale petali inapozunguka, yashuke pale shina linaposhuka. Matuta ya jeli hupita ovyo, hayajali ua liko wapi.

Kama kweli huna picha karibu, basi simu. Makumbusho ya Van Gogh na Rijksmuseum, zote za Amsterdam, na National Gallery ya London zimeweka picha zao kwenye tovuti, nawe unaweza kuzikuza hadi uone nyufa za rangi. Tafuta Wi-Fi, maana picha hizo zinakula bando vibaya. Kisha fanya jambo hili, usiliruke: soma vipimo vya picha, ukunjue boksi la kadibodi, ulikate kwa ukubwa ule ule na uliegemeze ukutani. Alizeti za mchoraji Mholanzi Van Gogh zilizoko London zina urefu wa sentimita 92 na upana wa 73. Mimi nilikuwa nimeziweka akilini kama kalenda ya duka. Nilipokata boksi nikakuta ni kubwa kama dirisha la chumba nilichokuwa nimepanga Kaptembwo. Picha ya ukubwa huo haikuoneshi maua tu, inakukabili.

Pili, tazama kabla hujasoma

Kibandiko chenye jina la picha na jina la mchoraji kifunike kwa mkono. Ukishasoma "Huzuni" utaona huzuni hata kwenye gorogoro.

Simama hatua sita kutoka kwenye picha. Hapo uliza swali moja: jicho langu limetua wapi kwanza? Sogea hadi hatua mbili: limetoka hapo likaenda wapi? Kisha karibia mpaka uone rangi tupu, uache kabisa kuona maua. Rudi nyuma tena. Kwenda na kurudi huku ndiko kutazama kwenyewe, kwa sababu picha ya hisia ina sura mbili. Kwa mbali ni kishada, kwa karibu ni vita vya brashi. Mahali ambapo sura moja inageuka kuwa nyingine pana umbali wake, na kila picha ina wake. Utafute.

Jipe dakika tano kwa saa, simu mfukoni. Dakika ya pili utachoka na kutaka kuondoka. Vumilia. Mimi ilikuwa dakika ya nne, siku ya tatu, nilipogundua kwamba waridi la nyuma kabisa kwenye ile picha halina shina. Linaelea tu. Siku mbili nzima akili yangu ilikuwa imelichorea shina ambalo mchoraji hakuliweka.

Tatu, andika orodha ya rijekti

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na imetoka moja kwa moja kwenye ile meza ya Naivasha. Chukua karatasi. Andika kila kitu ambacho kwenye picha hiyo kinaonekana ni kosa. Usione haya, wala usijaribu kuwa msomi. Orodha yangu ilikuwa hivi: shingo mbili zimevunjika, meza imelala upande, kivuli cha gorogoro ni cha zambarau, waridi moja halina shina, kuna alama ya kidole kwenye rangi, chini kulia.

Sasa, mbele ya kila kosa, andika linafanya nini. Funika sehemu hiyo kwa kiganja, usawazishe picha akilini, kisha uondoe kiganja. Nilipoziba yale mawaridi mawili yaliyoinama, picha ilibaki kishada cha kawaida, kama tangazo la sikukuu ya wapendanao. Nilipoondoa mkono, vichwa viwili vikashuka tena na mara nikasikia uzito: maji yamepungua ndani ya gorogoro, mtu amesahau kuongeza. Hilo lilinijia kutokana na shingo mbili tu.

Kwa nini njia hii inafaa? Kwa sababu kuna picha za maua za kazi mbalimbali, na kila kazi ina gredi yake. Ukitaka kuona kazi ya namna nyingine, panda matatu hadi Naivasha, kisha nyingine ya barabara ya South Lake, ushuke Elsamere. Ndiko alikoishi Joy Adamson, anayejulikana zaidi kwa simba wake Elsa, lakini kabla ya simba alichora mimea. Alichora mamia ya mimea ya Kenya kwa ajili ya wanasayansi, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo. Katika michoro ya namna hiyo idadi ya petali lazima iwe sawa, namna jani linavyoshikana na shina lazima ionekane, na mandhari ya nyuma ni karatasi tupu. Mtaalamu wa mimea aitumie picha hiyo kulitambua ua porini. Hapo shina likikosekana ni kosa kweli.

Kuna pia wale Waholanzi wa zamani. Rachel Ruysch, aliyezaliwa mwaka 1664 na kufariki 1750, alichora vishada vilivyolainishwa hadi huoni brashi ilipopita. Wachoraji wa mtindo huo waliunganisha katika chombo kimoja maua ya majira tofauti, maua ambayo yasingeweza kuchanua pamoja, kwa sababu kila moja lilichorwa kwa wakati wake na kukusanywa baadaye kwenye picha. Nilicheka nilipojua hilo. Waridi zetu za Naivasha zinauzwa kwenye mnada wa Aalsmeer, nchi ile ile, na sasa Mholanzi anapata waridi Januari kwenye theluji bila kusubiri mchoraji. Ila hata Ruysch, pamoja na ulaini wake wote, aliweka wadudu na majani yaliyotobolewa. Meza yetu ya gredi ingemkatalia.

Mchoraji wa hisia ana kazi ya tatu. Hakuambii ua hili ni la jamii gani, wala hakuoneshi ustadi wa kuficha brashi. Anakupa yale yaliyompata yeye alipokuwa mbele ya maua. Kwa hiyo ukimpima kwa rula ya Elsamere unamwonea, na ukimpima bila rula yoyote unampa sifa za bure. Orodha ya rijekti inakulazimisha kumdai: kila ulichokipinda, kimenipa nini? Kosa ambalo halifanyi kazi yoyote ukilifunika na kulifunua, hilo ni kosa tu. Yapo. Ile alama ya kidole kwenye picha ya gorogoro, hadi leo sijaona kazi yake.

Nne, fuata mkono

Simama karibu na uufuate mstari wa brashi kwa kidole chako hewani. Usiguse, mafuta ya ngozi huharibu rangi. Mahali brashi ilipokwenda haraka, rangi hukatika katikati na kanvasi huchungulia. Ilipokwenda polepole, rangi hukaa nzito na kingo zake zimetuna. Ukiona rangi mbili zimechanganyika palepale juu ya kanvasi, nyeupe imevuta wekundu na kuwa michirizi ya pinki, ujue ya pili iliwekwa kabla ya ya kwanza kukauka: mtu alikuwa na haraka, au hakutaka kuacha. Ukiona bapa pana lenye ukingo mkali kama siagi iliyopakwa kwenye mkate, hicho ni kisu cha rangi.

Fuata kwa kidole namna hiyo mawaridi matatu ya picha yako. Mkono wako utajua jambo ambalo jicho halijui. Kwenye ile picha ya mkahawani, mawaridi yaliyosimama yamechorwa kwa mizunguko mifupi, kama mtu anayesonga ugali. Yale yaliyoinama yamechorwa kwa mvuto mmoja tu kutoka juu kwenda chini, basi. Mchoraji hakuyahangaikia.

Nilikuja kumpata mwenyewe, mzee wa makamo anayechorea nyuma ya duka la vioo. Nikamuuliza, "Fundi, mbona haya mawili umeyainamisha?"

Akaniangalia kwanza. "Dadangu, wewe umewahi kumwona mtu amesimama wima siku nzima?"

Nikamwambia ndiyo, mimi, miaka mitatu. Akacheka mpaka akaweka brashi chini.

Ukitaka kuona mkono uliokwenda mbali zaidi, tafuta gladiola nyekundu za mchoraji Chaim Soutine, alizochora Ufaransa karibu na mwaka 1919. Maua yale yamesokotwa hadi yanafanana na moto unaopanda kuliko mmea. Ni picha zinazochosha kutazama, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Tano, rangi: anza na leso

Hapa ndipo watu wengi huachia njiani, ilhali ndipo sisi tuna faida. Mtu aliyekulia kati ya leso na vitenge anajua tayari kwamba rangi hutegemea jirani yake. Leso nyekundu yenye pindo la kijani inapiga kelele. Wekundu ule ule ukiwa na pindo la kahawia, unanyamaza.

Jaribio dogo: kodolea kitambaa chekundu sana macho kwa nusu dakika bila kupepesa, kisha tazama ukuta mweupe. Utaona kivuli chenye rangi ya kijani-buluu. Jicho lililochoshwa na rangi moja hujizalishia kinyume chake. Ndiyo maana nyekundu ikiwekwa kando ya kijani, kila moja inaikoleza nyingine. Jozi nyingine ambazo wachoraji huzitumia ni buluu na rangi ya chungwa, njano na zambarau. Aliyeliandika jambo hili kwa kina alikuwa mkemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, katika kiwanda cha Gobelins cha Paris kilichofuma mapazia ya ukutani. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akachunguza, akakuta rangi haina ubaya. Ubaya ulitokana na nyuzi za rangi nyingine zilizowekwa kando yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839, na wachoraji wa kizazi kilichofuata wakakitumia sana.

Walio Kisumu wana mfano wa bure. Nenda Dunga, uokote ua la gugumaji lile lile linalowakera wavuvi. Petali ya juu ina doa la njano katikati ya zambarau. Limewekwa hapo kwa ajili ya nyuki, lakini ni somo zima la rangi. Jaribu kuliziba doa lile kwa ukucha uone jinsi ua linavyopoa.

Sasa rudi kwenye picha yako. Kwa kila rangi kali, tafuta jirani yake. Tengeneza tundu kwa ngumi yako, kama darubini, na utazame eneo dogo dogo. Kile kivuli cha zambarau kwenye orodha yangu ya rijekti: nilikitazama kwenye tundu, peke yake, nikakuta ni kijivu tu, chenye zambarau kwa mbali sana. Lebo ya gorogoro, ya njano iliyochakaa, ndiyo iliyokuwa ikikikoleza. Gorogoro halisi mezani kwangu halitoi kivuli kama hicho. Kwenye picha linahitaji hicho, la sivyo lebo ile ingelala.

Ukitumia simu, piga picha ya picha na uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Utaona kama mchoraji anategemea mwanga na giza au rangi tupu. Picha ya gorogoro ikiondolewa rangi, mawaridi na meza vinakuwa kijivu kimoja. Hakuna anayejua ua linaishia wapi. Maana yake kila kitu pale kimebebwa na nyekundu dhidi ya buluu. Picha za Waholanzi wa kale ukizifanyia hivyo, husomeka vizuri tu.

Sita, chombo na nafasi tupu

Hili haraka. Geuza picha juu chini, kwenye simu ni rahisi. Maua yakishaacha kuwa maua, utaona maumbo: mahali pamejaa, mahali patupu, mstari unaokata. Tazama ukingo wa meza uko juu au chini, maua yamekatwa na fremu au yamepewa nafasi. Kisha tazama chombo. Gorogoro linaeleza mambo ambayo glasi yenye nakshi isingeyaeleza: ni nyumba ambamo kipimo cha mahindi ndicho kilichopatikana, na mtu bado akataka maua.

Saba, sasa soma

Ukishatazama, ondoa mkono kwenye kibandiko. Historia inafaa ikifika ya mwisho, kwa sababu sasa ina mahali pa kushika.

Chukua Van Gogh. Mwaka 1886 akiwa Paris alichora maua mengi kwa sababu hakuwa na pesa za kuwalipa watu wa kumkalia achore sura zao, na pia alitaka kujizoeza rangi. Agosti 1888, kule Arles kusini mwa Ufaransa, akachora alizeti za kupamba chumba cha rafiki yake, mchoraji Gauguin, aliyekuwa anatarajiwa. Alimwandikia mdogo wake, Theo, kwamba anaanza kazi jua linapochomoza kwa kuwa maua hunyauka upesi na picha lazima imalizwe kwa mkupuo mmoja. Ukishafuata mkono kama nilivyoeleza, utakuwa umeiona haraka hiyo kabla ya kuambiwa. Na Januari 1889, msimu ambao shambani hakuna alizeti, akainakili picha yake mwenyewe. Nakala mojawapo ndiyo iliyoko Amsterdam, na juu yake aliongeza kipande chembamba cha ubao ili maua yapate nafasi. Weka picha hizo mbili, ya London na ya Amsterdam, kando kwa kando kwenye simu: moja ilichorwa mbele ya maua, nyingine mbele ya picha. Tafuta tofauti kwa robo saa. Ni zoezi zuri kuliko kitabu.

Jihadhari na rangi zilizozeeka. Irisi alizochora mwaka 1890, zile zenye mandhari ya njano, leo ni za buluu. Hazikuwa hivyo. Zilikuwa za zambarau, lakini rangi nyekundu iliyochanganywa humo imefifia kwa mwanga wa miaka. Alikuwa amepanga njano na zambarau, ile jozi ya gugumaji, sisi tunaona njano na buluu. Baadhi ya njano za alizeti nazo huelekea kuwa na rangi ya kahawia kwa sababu hiyo hiyo ya mwanga. Kwa hiyo kabla ya kusifu ubuluu wa mtu, uliza kama aliuweka.

Historia nyingine haipendezi. Emil Nolde, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1867, alichora popi nyekundu kwa rangi za maji kwa namna ambayo sijaona mwingine akifanya. Rangi imeachwa ijimwagie yenyewe kwenye karatasi mbichi. Utawala wa Wanazi ulinyang'anya zaidi ya kazi zake 1,000 kutoka kwenye makumbusho ukiziita sanaa potovu. Na huku yeye mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama hicho, mwenye chuki dhidi ya Wayahudi. Popi zake bado ninazitazama, ila si kwa moyo ule wa mara ya kwanza.

Karibu zaidi na sisi yupo Irma Stern wa Afrika Kusini, aliyeishi 1894 hadi 1966. Alisomea Ujerumani katikati ya vuguvugu la wachoraji wa hisia, akina Nolde, kisha akafika Zanzibar mwaka 1939 na tena 1945. Alichora watu, na alichora maua na matunda kwa rangi nzito nzito. Baadhi ya picha zake alizitia fremu za mbao za nakshi zilizotokana na milango ya Zanzibar. Ukizitazama, usiruke fremu: nakshi ile nayo ni maua.

Nane, sema kwa vitenzi

Neno "nzuri" liache mlangoni. Nalo "inavutia". Kiswahili kina vitenzi vya maua vya kutosha: kuchipua, kuchanua, kusinyaa, kunyauka, kupukutika, kulegea, kuinama, kujikunyata. Ongeza vya watu: kufoka, kunong'ona, kununa, kusukumana. Andika sentensi tatu kuhusu picha yako, kila moja ikiwa na kitenzi ambacho unaweza kuonesha kwa kidole mahali kilipo kwenye kanvasi. "Mawaridi ya kushoto yanasukumana kupata mwanga" ni sentensi nzuri ikiwa brashi zote zimeelekea upande mmoja. Usipoweza kuonesha mahali, ifute.

Mama mmoja niliyewahi kusimama naye kwenye meza ya gredi alikuja mkahawani nikamwonesha ile picha. Hakusoma chochote, hakufunika chochote. Akasema, "Haya yamekatwa jana mchana, kwenye jua." Nimejaribu kuandika sentensi bora kuliko hiyo, nimeshindwa.

Tisa, chora yako

Jioni, wauzaji wa maua wa mtaani wakiwa wanafunga, nunua yale yaliyobaki. Watakupunguzia bei, maana kesho hayauziki. Weka ndani ya gorogoro, mkebe wa rangi, chupa ya soda, chochote kilichopo nyumbani. Nunua rangi za maji za watoto wa shule na brashi moja nene. Nene, kusudi usiweze kuchora petali moja moja. Jipe nusu saa kwa saa, bila penseli na bila kufuta.

Itatoka vibaya. Weka picha hiyo ukutani na maua hayo hayo usiyatupe. Chora tena siku ya pili, na siku ya tatu. Maji yataanza kunuka, uyabadilishe. Siku ya kwanza utachora waridi ambalo limekaa kichwani mwako tangu shuleni, duara lenye mizunguko. Siku ya tatu shingo zitaanza kulegea na hutakuwa na duara la kukimbilia, itakubidi uangalie. Siku ya nne petali za nje zitageuka nyeusi kingoni, mbili tatu zitakuwa zimeanguka mezani, na utakuta unaanza na zile zilizoanguka.